Gari Iliyojikanyagia Breki

Faith Jerotich, wewe ndiye uliniambia niandike, kwa hivyo makosa ya herufi ni yako. Mimi niliishia darasa la nne pale Bondeni, Nakuru, na kalamu niliizoea kwa kuweka alama kwenye pedi za breki zilizoisha. Umesema wale waliokuja gereji baada yangu wanataka kujua kazi ya breki ilikuwa aje. Wataijua. Lakini wasingoje kicheko, kwa sababu ninaandika juu ya Edwin Langat, kijana wa Elburgon ambaye hatembei tena, na juu ya ile gari yake ya bluu ambayo sisi, mafundi wazima, tulikubali iende mbio. Kama kuna mtu atasoma hapa halafu akatae kuitayarisha gari kama ile, nitakuwa nimefaa. Siamini yuko. Watu husoma, kisha mteja anaingia na funguo mkononi.

Nilifika kwa gereji ya Mzee Harun Njoroge nikiuza uji kwa geti. Fundi wa breki alikuwa Mzee Zakayo Odero, mtu wa Siaya, mfupi, wa maneno machache. Siku moja msaidizi wake, Simiyu, alilala na malaria, na pikapu ya maziwa ya Subukia ilikuwa juu ya jeki ikingojewa. Mzee Odero akatoa kichwa chini ya gari akaniangalia.

"Mama uji, uko na miguu?"

Nikamwambia niko nayo miwili.

"Ingia hapo juu ukanyage breki."

Kutoa hewa kwa breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwa usukani anakanyaga, mwingine yuko chini, anafungua nati ndogo kwa gurudumu ndipo mafuta yatoke na hewa yake. Wa chini anasema kanyaga, wa juu anakanyaga na kukaa hivyo hivyo, wa chini anafunga nati, ndipo anasema achilia. Ukiachilia kabla hujaambiwa, hewa inaingia upya na mnaanza mwanzo. Mimi niliachilia mapema mara tatu. Uji ukapoa kwa geti, wateja wakaenda. Mara ya nne nikasikia kitu chini ya unyayo: pedali iliyokuwa laini kama unga uliolowa ikasimama, ikawa jiwe. Mzee Odero akatambaa akatoka, akanipatia kitambaa nipanguse mikono ambayo haikuwa hata imechafuka, akasema, "Kesho ukuje bila uji."

Hivyo ndivyo nilijua breki kwa mguu kabla ya kuijua kwa mkono. Mkono ulikuja polepole. Nilijifunza kusugua pistoni bila kuikwaruza, kupima kwa kucha diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, kunusa mafuta ya breki yaliyozeeka. Wanaume walicheka. Simiyu aliporudi alisema gereji imekuwa chama cha akina mama. Alicheka mpaka siku nilipomwonyesha ameweka pedi ya kushoto kulia.

Kanuni kubwa ya Mzee Odero ilikuwa moja. Gari ikirudi kutoka kujaribiwa, usiulize dereva kitu kwanza. Zunguka magurudumu yote manne, weka mgongo wa mkono karibu, bila kugusa, usikie joto. Ukifunga breki uzito wote wa gari hukimbilia mbele, kwa hivyo magurudumu ya mbele lazima yawe moto kuliko ya nyuma. "Ukipata nyuma ni moto kuliko mbele," alikuwa akisema, "hiyo gari haitoki hapa, hata kama ni ya askofu."

Mzee Harun alipenda mbio, na jina lake likavuta watu wa mbio. Siku hizo gari ya mbio ilikuwa inavuliwa nguo. Gari ndogo ya kawaida ya saluni inaletwa, tunatoa viti vya nyuma, zulia, redio, ngozi za milango, kila kitu kinachopendeza. Mutiso wa kuchomelea anaweka mabomba ndani, yanazunguka dereva kama zizi. Tunaweka kiti cha chuma na mikanda inayokufunga mabega na mapaja mpaka huwezi kupiga chafya. Chini ya injini Mutiso anachomelea vibati ndani ya karai ya oili, ili kwa kona ndefu oili isikimbilie upande mmoja ikaacha injini kavu. Ukimaliza, gari ni kelele tupu, mvua inaingia, bibi ya mwenyewe hawezi kupanda. Lakini ni gari ya kazi moja na inaijua. Bwana Wachira, mkulima wa ngano wa Njoro, alibingirisha moja ya hizo mara tatu kwa msimu mmoja, kona ile ile, na kila mara alitoka kwa dirisha kwa miguu yake akiuliza nani ako na sigara. Hatukuona ni miujiza. Tuliona ni mabomba ya Mutiso.

Mzee Odero akazeeka, akarudi Siaya, akafa huko. Mzee Harun naye akamfuata, na gereji ikashikwa na mtoto wake Peter. Nikabaki mimi kwa breki. Kisha Peter akakuleta wewe, Faith, kutoka chuo, na ile kompyuta yako ya kuchomeka chini ya dashibodi. Niliogopa utanidharau. Hukunidharau. Siku ya kwanza uliniuliza nikuonyeshe mahali pa kuweka mgongo wa mkono, na nilienda nyumbani nikiimba.

Sasa Edwin. Huyo nilimjua kabla ajijue. Mama yake, Esther, ndiye alikuwa akileta pikapu ya kiwanda chao cha mbao kutoka Elburgon, na mtoto alikuwa analala kwa kiti cha mbele akinyonya kidole wakati mimi niko chini ya gurudumu. Alikuwa ananiita shosho hata kabla nipate mjukuu wa kuniita hivyo. Kwa hivyo alipoingia na ile gari ya bluu, mpya, plastiki bado iko kwa viti, nilifurahi kama ni yangu. Ilikuwa ya milango miwili, imelala chini, inanguruma kama imeudhika. Akasema anataka kuikimbiza kwa ule uwanja wa ndege wa zamani juu ya Subukia, mahali vijana wa kilabu wamechora kona kwa mapipa.

Nikamwambia vizuri, tuivue nguo, tutafute mtu wa kuchomelea mabomba.

"Shosho, hii haitaki kuvuliwa. Ilitengenezwa na spidi yake kutoka kiwandani."

"Na ukibingirika?"

"Na Jumatatu nitaenda nayo kazini aje bila viti? Mamangu nimweke wapi?"

"Mweke kwa boda."

Alicheka, Peter akacheka, na mimi nikacheka. Hapo ndipo ningesimama. Nimekaa na hicho kicheko nikakiangalia pande zote, na kila nikikiangalia naona hicho ndicho kilikuwa mlango, na tulikuwa tumesimama hapo watu watatu wazima wenye macho.

Wacha niwaambie ile gari ilikuwa na nini, muijue ikija na rangi nyingine. Ilikuwa nzito. Inaonekana ndogo lakini imebeba nyumba: viti vya kitajiri vyenye mota zao za kujisongesha, sponji za kuzuia kelele, spika, vioo vizito. Ilikuwa na kiti kinachopasha mtu makalio joto. Huko Molo asubuhi naweza kuelewa, lakini kwa mbio? Uzito huo wote lazima usimamishwe kila kona, na breki zake zilikuwa za mtu anayesimama kwa taa, si za mtu anayesimama kila baada ya nukta chache asubuhi nzima. Siku ya kwanza ya mazoezi, raundi ya nne, pedi zilinuka kama maharagwe yaliyoshika sufuria. Taya mpya, ile mipira ya magurudumu, ziliisha asubuhi hiyo hiyo kwa pembe za nje, kwa sababu magurudumu ya gari ya barabarani hayasimami vile kona ya mbio inataka. Kona ndefu ya kushoto ilimwashia taa ya oili, oili yote imelala kulia. Injini ikipata joto, kompyuta inaipunguza nguvu bila kumwuliza mtu, na Edwin anarudi akitambaa nyuma ya wengine kama anafuata jeneza. Mkanda wake ni ule wa kuendea kanisa. Alikuwa anajishikilia kwa goti kwa mlango ili asiteleze, sasa goti moja liko kazini na miguu miwili iko kazini na mikono iko kazini, na mtu bado anatakiwa afikiri.

Tulimwekea pedi za mbio. Hizo hazifanyi kazi mpaka zipate joto, na kwa barabara zinapiga kelele kama mbuzi. Wiki moja Edwin akarudi. Ati mamake ameaibika kwa geti ya kanisa. Tukarudisha zile laini. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na kompyuta.

Na sasa kile kilichonimaliza. Siku ya pili ya mazoezi nilizunguka gari na mgongo wa mkono kama kawaida. Mbele moto. Nyuma moto zaidi. Nikarudia. Nikamwambia Peter hiyo gari haitoki. Wewe Faith ukachomeka kompyuta yako, ukasoma, ukanieleza polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa. Ukasema ndivyo imetengenezwa. Ikiona dereva anaingia kona kwa nguvu, kompyuta inafunga breki ya gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona ili gari igeuke vizuri, na Edwin mguu wake hauko hata karibu. Nikauliza haina swichi? Ukasema iko, na Edwin ameizima, na kwa kioo cha dashibodi imeandikwa imezimwa, lakini haizimiki yote.

Yaani kuna mtu mwingine anakanyaga breki ndani ya hiyo gari, na hatumwoni, na hatuwezi kumwambia achilia.

Nilikaa juu ya taya nikafikiria. Kisha nikasema sawa. Kama joto la nyuma ndilo la kawaida yake, sawa. Kazi yangu yote ilikuwa ni kukataa siku hiyo, na nikaitikia kwa kichwa.

Siku ya mbio kulikuwa na jua na upepo wa vumbi. Tulikuwa mimi, wewe, Peter, na Kibet wa bendera alikuwa kwa kona ya mwisho. Edwin alikimbia mbio ya kwanza vizuri. Ya pili ilipoanza, raundi chache tu, gari ya mtu mwingine ikamwaga oili barabarani na wote wakaambiwa warudi wangoje ipanguswe. Edwin akaingia mahali petu, akazima injini.

Zamani tulikuwa tunampigia dereva kelele asivute handibreki wakati breki ni moto, kwa sababu pedi iliyobanwa kwa diski inayowaka huungana nayo. Hapa hakuna aliyevuta kitu. Handibreki ya ile gari haina mkono, ni mota ndogo ya umeme iko ndani ya breki ya nyuma, na injini ikizimwa inajifunga yenyewe, kwa wema. Mlinieleza baadaye. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, mita moja, nampa maji ya kunywa.

Wakaitwa. Edwin akavaa helmeti, akawasha, akasonga kidogo, akasimama. Wewe ulikuwa umeinama kwa taya ya mbele na kipimo cha upepo. Mimi nikazunguka nyuma, mkono ukaniambia nyuma ni moto sana, na mimi nikaujibu mkono wangu kwamba hii ndiyo kawaida yake. Nikaenda kwa dirisha nikauliza vile nimeuliza madereva miaka yote.

"Breki?"

Na madereva miaka yote hujibu neno moja, inashika. Maana yake iko sawa, unakanyaga na inakubali. Edwin akasema, ndani ya helmeti, na injini ikinguruma:

"Imeshika, shosho."

Faith, hii hujawahi kuisikia kwangu, na Peter hajaisikia. Alisema imeshika. Gari ilikuwa imeshikwa na breki nyuma, haitaki kwenda, ameisikia ikivutwa alipoisongesha, na akaniambia kwa Kiswahili kizuri cha mtu yeyote wa Nakuru. Na mimi nikasikia lile neno nililozoea kusikia. Nikagonga paa mara mbili, vile mimi hugonga kumwambia dereva nenda.

Aliniangalia kidogo. Hilo ndilo linaniamsha. Aliniangalia kama mtu anayetaka kurudia, kisha akaona ni mimi, fundi wa breki aliyetengeneza pikapu ya mama yake, amemsikia na amesema nenda. Akaenda.

Raundi ya kwanza nilipata ile harufu ya maharagwe. Raundi ya pili niliona moshi mdogo kwa gurudumu la nyuma la kulia, nikaanza kumpungia Kibet, na Kibet alikuwa anaangalia kwingine. Raundi ya tatu Edwin alikuja mwisho wa ile barabara ndefu. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka, na mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, na pedali inaenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Sikusikia taya zikilia. Gari inayofunga breki hulia. Hii ilipita kimya, ikaingia kwa ukuta wa udongo, ikapinduka upande wa pili.

Mifuko ya hewa ilifunguka yote, kama walivyoahidi. Lakini paa lilishuka, na hakukuwa na mabomba ya kulizuia. Waliikata gari ndipo akatolewa. Mgongo ulikuwa umevunjika.

Watu wa kilabu waliandika breki ilichemka. Peter alisema ni gari. Wewe ulisoma kompyuta ukasema ni handibreki haikuachilia, na tulipofungua tukapata pedi ya nyuma imeungana na diski kama mandazi na karai. Wote mliniambia, mathe, si wewe. Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu mlikuona ni uchungu wa mtu mzee. Mwisho wa mwezi nikasema magoti yananiuma naacha kazi, mkanikatia keki ya umbo la gurudumu. Ilikuwa tamu, asanteni.

Sasa nyinyi mliobaki. Gari ya dukani yenye spidi ikiletwa mbio, kataeni mpaka mwenyewe achague kama ni ya mbio ama ni ya kanisa. Akikataa kuchagua, mpelekeni kwingine. Kama Peter atawalazimisha, basi mabomba kwanza, mikanda kwanza, mafuta ya breki mapya kila siku ya mbio. Akitoka kwa mbio asizime injini. Azunguke polepole mpaka breki zipoe, na akisimama mwekeeni kizuizi cha mbao kwa gurudumu. Na msimwulize dereva swali la neno moja. Mwambieni avue helmeti. Mwambieni aeleze, gari inaenda huru ama inavutwa, kutoka wapi, kutoka lini. Inueni gari kwa jeki, zungusheni gurudumu kwa mkono. Yote hayo yanachukua dakika tano. Tulikuwa nazo zaidi ya hizo, tukingoja oili ipanguswe.

Nimeandika hivyo, na nimeambiwa ile nyeupe ya kijana wa Naivasha tayari iko kwenu, na viti vyake vyote viko ndani.

Mwezi wa nne nilienda Elburgon kumwona. Esther alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha karibu na moto kwa sababu huko kuna baridi ya msitu. Edwin alikuwa kwa kiti cha magurudumu karibu na dirisha, anaangalia magogo yakipakuliwa. Amenenepa uso. Akaniuliza juu yako, juu ya Peter, juu ya magoti yangu. Kisha akaniambia hakumbuki kitu cha siku ile, kutoka chai ya asubuhi mpaka hospitali. Hata mbio ya kwanza hakumbuki. Anajaribu, anapata giza.

"Shosho, wewe ndiye ulikuwa kwa dirisha. Kabla nitoke ile mara ya mwisho, nilikuambia kitu? Gari ilikuwa inanisumbua?"

Esther alikuwa amesimama na birika mkononi, anangoja kama yeye.

Nikasema, "Sikumbuki, mwanangu."

Akatingisha kichwa polepole. "Basi ni mimi," akasema. "Nilichelewa kukanyaga."

Mama yake akaniongezea chai, nikainywa yote. Sijarudi huko.